Sawa Iliyohesabiwa Ndiyo

Wazazi wake walimpa jina zuri, lakini hakuna aliyelitumia. Nyumbani na kazini alikuwa Rula. Aliyembandika jina hilo ni shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, ambaye alimlea tangu akiwa na sare ya shule. Siku moja alimkuta mezani akipima kipande cha mkate kwa rula, ili yeye na mpwa wake mdogo wasidhulumiane.

"Wewe utakuja kupima hata machozi," shemeji alisema, na nyumba nzima ikacheka.

Hakukosea sana. Rula alipokua alipata kazi kwenye hospitali kubwa, orofa ya pili, katika ofisi yenye dirisha linalotazama ukuta. Kazi yake ilikuwa kupima. Hospitali ikinunua vitanda, yeye ndiye wa kueleza vitanda vile vimeleta faida gani. Ikibadilisha utaratibu wa foleni, yeye ndiye wa kusema kama foleni imepungua au imehamia tu upande wa pili wa ukuta. Alikuwa mwanamke wa hesabu safi na viatu visivyopiga kelele. Adui hakuwa naye. Watu wanaopima vitu kwa kawaida hawana maadui, mpaka siku wanapoambiwa wapime watu.

Siku hiyo kwa Rula ilianzia chini ya ngazi.

Chini ya ngazi za hospitali kulikuwa na chumba cha kitengo cha kompyuta. Mlango wake wa mbao ulikuwa umechubuka usawa wa kifua, kwa sababu kila aliyekwama alikuja kuugonga kwa ngumi. Mkuu wa chumba hicho alikuwa shemeji. Humo ndimo alimomkalisha Rula mbele ya kompyuta kwa mara ya kwanza, na kabla ya kumruhusu kugusa chochote alimfanya mshika tochi wakati yeye akipasua matumbo ya mashine.

"Usinimulike usoni," alikuwa akimwambia. "Uso wangu hauna hitilafu. Mulika waya."

Tusimpambe mtu. Kitengo kile kilikuwa na uvivu wake, na shemeji alipenda kubembelezwa. Wauguzi walimwita Bwana Nakuja. Ukimpigia simu alijibu "nakuja", na kuja kwenyewe kulitegemea ulimsalimia vipi asubuhi. Maneno ya siri ya nusu ya mashine yalikaa kichwani mwake, akiugua nayo yanaugua. Kwa hiyo hospitali ilipoamua kuikabidhi kazi yote ya kompyuta kwa kampuni ya nje, iliyo mbali kiasi kwamba kwao kulikuwa kunakucha wakati huku watu wanakula cha mchana, waliosikitika walikuwa wachache. Utaratibu mpya ulikuwa safi. Ukikwama unaandika ujumbe kwenye skrini. Mtu usiyemwona anakujibu, anaingia ndani ya mashine yako kutoka huko aliko, anafanya anayoyafanya. Kisha unakuja ujumbe: tatizo lako limefungwa, una maoni gani?

Kitengo cha zamani hakikuvunjwa siku hiyohiyo. Shemeji na wenzake walibakizwa kwa muda, mpaka ijulikane kama mpango mpya una faida. Mkurugenzi akamwita Rula.

"Bodi inataka kujua kama kampuni hii ina thamani kwetu," alisema. "Sisemi bei. Bei kila mtu anaijua. Nasema thamani. Kapime."

"Mkuu, unajua kwamba aliye kule chini ya ngazi ni shemeji yangu."

"Najua. Ndiyo maana nakuamini. Utakuwa mkali."

Neno hilo, mkali, lilimkwama Rula kama mwiba wa samaki. Tangu siku hiyo hakumeza kitu bila kulisikia.

Alipima kasi ya kujibiwa. Kampuni ilijibu upesi kuliko Bwana Nakuja alivyowahi kujibu maishani. Alipima matatizo yaliyofungwa. Yalikuwa mengi, yamepangwa vizuri, kila moja na tarehe yake. Lililobaki lilikuwa moja: je, watu wameridhika? Hilo lilimaanisha kusoma maoni yao, na hapo ndipo alipokutana na mwakilishi wa kampuni, uso kwa uso kwenye skrini. Alikuwa bwana mpole aliyefunga tai ingawa alionekana nusu tu. Kiswahili hakukijua, lakini alikuwa amejitahidi kuyatenga maoni kwa msaada wa mashine. Shukrani za wazi aliziweka upande wake. Matusi aliyaweka upande wake pia, na inasemekana mashine haikupata shida hata kidogo kutafsiri matusi.

"Ila kuna neno moja," alisema. "Limejaa kila mahali. Sawa. Wengi wameandika hilo tu, basi. Maana yake ni ndiyo?"

Karibu kila lugha ina neno la namna hii, la mtu kuondokea kwenye mazungumzo bila kubamiza mlango. Kuna watu ambao kwao si neno, ni kuvuta pumzi tu na kutazama pembeni. Sawa ya Kiswahili inazidi nyingi kwa ujanja. Ndani yake mna kukubali, mna kuchoka, mna kutishia, mna "tutaonana". Wenyeji wanaipima kwa sauti, kwa jicho, kwa namna kijiko kinavyowekwa mezani. Kwenye skrini havipo hivyo vyote. Zimebaki herufi nne.

Rula alikaa kimya kidogo. Hakunyamaza kwa kutokujua. Alijua kama anavyojua kiganja chake. Yeye mwenyewe alisema sawa mara ngapi kwa siku bila kukubali chochote? Lakini katika ule ukimya aliona mambo mawili kwa pamoja. Akisema "inategemea", mizani italalia upande wa chini ya ngazi. Na mizani ikilalia huko, ofisi zote za orofa ya pili zitasema Rula kambeba shemeji yake.

"Ndiyo," akajibu. "Sawa ni ndiyo."

Sawa zote zikahamishwa, kundi zima, hadi safu ya walioridhika. Safu ikajaa pomoni. Ripoti ilipita, mkurugenzi akamsifu mbele ya watu kwamba huyu hana undugu kazini, na shemeji akapewa bahasha ya shukrani na ya kuachishwa kazi. Chumba cha chini ya ngazi kikageuzwa mahali pa kutupia viti vilivyovunjika.

Nyumbani hapakuwa na ugomvi. Ingekuwa nafuu kama ungekuwapo. Shemeji alipata meza mlangoni kwa duka la kuuza vioo, akaanza kutengeneza simu. Alirudi jioni, alioga, alitaniana na mkewe. Kitu kimoja tu kilibadilika: hakumwita tena Rula. "Shemeji, nisogezee chumvi." "Shemeji, umeamkaje?" Neno halali, neno la heshima, ndivyo walivyokuwa. Lakini yeye ndiye aliyelitunga lile jina jingine, na sasa alikuwa amelichukua na kwenda nalo.

Rula alijaribu kujilipia deni lisilosemwa. Alifua mapazia ambayo hayakuwa na uchafu. Alinunua viti vipya vya sebuleni, dada yake akashukuru, shemeji akaendelea kukaa kwenye kile cha zamani.

Mwaka ukaisha, ukafika wakati wa kusaini mkataba mpya na kampuni ile, safari hii wa miaka mingi. Bodi ikataka ripoti nyingine. Rula alitoa jedwali la mwaka uliopita, akabadilisha tarehe, akaanza kujaza. Mambo yalikuwa mazuri kuliko mwanzo. Maombi ya msaada kutoka wodini yalikuwa yamepungua sana. Akaandika: ubora umepanda, matatizo yamepungua.

Jioni, wakila, akamwambia dada yake, "Ijumaa msinisubiri kwa chakula cha mchana. Natoa ripoti mbele ya bodi, halafu kampuni imetuandalia sote chakula."

Dada alikuwa akimpakulia mumewe. Mkono ulisimama hewani, kisha ukaendelea. Kijiko kiligonga sufuria.

"Sawa," alisema.

Shemeji alitazama sahani yake kana kwamba kuna kitu kimeandikwa chini yake. Mpwa, ambaye sasa alikuwa msichana wa chuo na mwenye ulimi wa chuo, akacheka.

"Mama mdogo, hiyo sawa ya mama usiende nayo popote. Nilishawahi kuondoka nayo hadi getini nikarudi mwenyewe."

"Kula wewe," dada akamwambia.

Kila mtu akala isipokuwa Rula. Tonge lilikuwa mkononi na mkono ulikuwa mezani. Alikuwa amesikia kitu alichokisikia maisha yake yote: sawa ya dada yake, fupi na nzito kama kufuli. Hakuhitaji kufasiriwa. Hakuna mtu katika meza ile, tangu baba mpaka mtoto, ambaye angeiweka kwenye safu ya walioridhika.

Asubuhi hakupanda ofisini. Alikwenda wodi ya wanaume kumtafuta muuguzi mkuu, mama mnene mwenye kicheko kikubwa ambaye hospitali nzima ilimwita Sista. Alimkuta akihesabu mashuka.

"Sista, ile kampuni ya kompyuta ikifunga tatizo lako unawaandikia sawa. Huwa umeridhika?"

Sista alicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pembeni naye akacheka bila kujua kwa nini.

"Niridhike! Mdogo wangu, ile ni sawa ya 'haya, nendeni zenu'."

"Na ukiandika 'sawa, asante'?"

"Hiyo ndiyo mbaya kabisa. Ukiona asante imekaa mgongoni kwa sawa, ujue nimeshatukana kimoyomoyo na nimeomba toba."

"Na 'sawa' yenye nukta nyingi nyuma yake? Kuna moja uliandika hivyo."

Sista aliacha kucheka. Akaweka shuka chini.

"Hiyo nilikuwa nataka kulia," alisema. "Kulikuwa na mzee hapa, kitanda kile cha dirishani, anasubiri kupasuliwa. Tumemwambia asile. Majibu ya damu yake hayafunguki kwenye skrini. Naandika. Wananijibu kwao yanaonekana, tatizo limefungwa. Naandika tena. Limefungwa. Basi wao wakafunga tatizo na mzee akafunga kula. Jioni daktari akafunga chumba cha upasuaji akaenda kwake. Siku ile tulifunga sote, ila mwenye njaa alikuwa mmoja."

"Ikawaje?"

"Alipasuliwa kesho yake, akapona, akaondoka kwa miguu yake. Mungu ni mwema. Lakini aliniuliza, 'Binti yangu, nimewakosea nini?' Mzee wa watu anadhani anaadhibiwa."

Rula alisimama akishika chuma cha kitanda. "Mbona siku hizi hamuandiki sana? Kwangu inaonekana matatizo yamepungua."

"Yamepungua wapi? Tumechoka kuandika. Sasa tunatumia miguu. Majibu yakikwama, muuguzi anashuka mbio maabara, anayanakili, anapanda mbio. Angalia viatu vya wasichana hawa."

Rula aliangalia. Soli zilikuwa zimelika upande mmoja. Gharama ambayo yeye aliandika kuwa imeondoka haikuondoka popote. Ilikuwa imehamia miguuni mwa watu ambao hawamo kwenye jedwali.

"Kwa nini hukuniambia, Sista?"

"Nigonge wapi? Bwana Nakuja alikuwa mvivu, na Mungu anisamehe nikisema hivyo kwa shemeji yako, lakini alikuwa mvivu mwenye mlango. Nilikuwa nashuka, naupiga ngumi, namtukana, anatoka anacheka. Hawa wa sasa si wavivu hata kidogo. Hawana mlango tu." Akachukua shuka lake. "Na wewe hukuja kuuliza. Uko orofa hiyo hapo juu, ngazi zenyewe hazitoshi kukutoa jasho."

Angeweza kunyamaza. Aliporudi ofisini na kuketi mbele ya ule ukuta, alilifikiri hilo kwa makini, kama anavyofikiri kila kitu. Ripoti ilikuwa karibu kwisha. Mzee alikwisha pona. Shemeji hangerudishwa kwa vyovyote. Na akisema sasa, siku chache kabla ya kusaini, kila mtu atajua kwamba alikosea mwaka jana, au atadhani anadanganya mwaka huu. Kosa la kutojua husamehewa upesi. Lake halikuwa la kutojua.

Akaenda kwa mkurugenzi.

Mkurugenzi alimsikiliza mpaka mwisho, akizungusha kalamu. Kisha akauliza kwa upole, "Shemeji yako anafanya nini siku hizi?"

"Anatengeneza simu, mlangoni kwa duka la vioo."

"Mambo yanamwendea?"

"Si sana."

"Kwa hiyo mwaka jana sawa ilikuwa ndiyo. Mwaka huu, wino ukiwa tayari, sawa si ndiyo tena. Unajua watasemaje?"

"Watasema nambeba."

"Watasema unambeba."

"Mkuu, mwaka jana ndipo nilipopinda. Uliniambia niwe mkali, nami nikaogopa kuambiwa nambeba ndugu. Nikamtupa ili mwone mikono yangu mitupu. Yule bwana wa kampuni aliniuliza vizuri kabisa neno lile lina maana gani. Nilijua, nikamjibu uongo."

Kalamu ilisimama. Labda mkurugenzi naye alikuwa amelisikia lile neno lake, mkali, likirudi kwake kutoka mdomo mwingine.

"Utayasema hayo mbele ya bodi?"

"Ndiyo."

"Ndiyo ya kweli?"

"Ya kweli."

Ijumaa aliyasema. Aliziondoa sawa zote kwenye safu ya walioridhika. Hakuzihamishia kwa wasioridhika, kwa sababu huko pia angekuwa anabuni. Aliziacha peke yake katikati, na safu iliyokuwa imejaa pomoni ikabaki imekonda. Akaeleza kuhusu miguu ya wauguzi. Akasimulia habari za mzee wa kitanda cha dirishani. Akaeleza vilevile, bila kuficha, kwamba kitengo cha zamani nacho kilichelewesha mambo, na kwamba hajui kipi kilikuwa bora, kwa kuwa hakupima kwa haki.

Kulikuwa na mjumbe mmoja, mama mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, aliyekuwa amekaa kimya na mkoba mapajani. Alipoonyeshwa lile neno kwenye jedwali la mwaka jana aliangua kicheko.

"Mume wangu akisikia sawa yangu, anavua viatu na kuahirisha safari! Nyinyi mliiwekaje kuwa ndiyo?"

Chumba kizima kilicheka. Kwenye skrini ukutani, yule bwana wa kampuni mwenye tai alitabasamu bila kuelewa, akauliza wanachekea nini. Hakuna aliyejisumbua kumjibu. Rula akamfasiria. Safari hii alimfasiria yote, pamoja na sehemu iliyomhusu yeye mwenyewe: kwamba wewe uliuliza, aliyepotosha ni mimi. Yule bwana akasema kwamba wao nao wangeweza kumuuliza mtu wa pili. Hilo pia lilikuwa kweli.

Mkataba haukusainiwa siku hiyo. Waliamua kipimo kirudiwe na mtu asiye na ndugu popote katika jambo lile, tena afanye kazi akiwa wodini. Rula aliondolewa kwenye upimaji na kupelekwa stoo ya mashuka. Kuhusu chumba cha chini ya ngazi hakuna aliyetamka kitu. Viti vilivyovunjika viliendelea kupumzika mle.

Chakula cha kampuni kilikuwa kimekwisha tandazwa mezani. Rula alikipita, akashuka, akatoka barabarani. Jua lilikuwa kali. Kwenye duka la vioo alijiona mara kumi kabla ya kumwona shemeji: kichwa, bega, nusu ya uso, kila kioo na kipande chake. Shemeji alikuwa ameinamia simu iliyofunguliwa, miwani imeteremka puani.

"Karibu, shemeji. Kumbe si mnakula huko?"

"Sikukaa." Akavuta kigoda. Akamweleza yote, kuanzia bodi kurudi nyuma, mpaka akafika kwenye ule ukimya wake mfupi mbele ya skrini, mwaka jana, kabla hajajibu. Hapo sauti ilipungua, lakini hakuruka.

Shemeji hakuinua kichwa. Ncha ya bisibisi ilikuwa imesimama juu ya skrubu.

"Kumbe ulijua," alisema.

"Nilijua."

Pikipiki ilipita. Mteja mmoja alichungulia, akaona nyuso zao, akaendelea na safari yake.

"Sawa," shemeji akasema.

Rula alisubiri jicho, kijiko, chochote cha kumwelekeza. Hakikuja. Zamani angeichukua kama ilivyo na kwenda nayo.

"Sawa ipi, shemeji?"

Shemeji aliweka bisibisi chini. Akafuta miwani kwa ncha ya shati, akairudisha puani.

"Bado sijaijua," alisema. Akamsogezea tochi ndogo iliyokuwa juu ya meza. "Shika hapa. Usinimulike usoni."

Miaka ile angeongeza kwamba uso wake hauna hitilafu. Leo hakuongeza. Rula akainama, akamulika waya.